Neno Lisilotajwa Mbele ya Moto

3 Februari

Kwako Dada,

Nakusalimu, na shikamoo ya Baba naiweka mkononi mwako, umfikishie kabla haijapoa. Mimi mzima, ila nina wasiwasi. Unanijua: mlango ukibishwa kwa jirani, mimi ndiye ninayesimama.

Hapa ofisini kamusi imefika herufi F, na mimi mdogo wako nimepewa neno "fedha". Usicheke. Ni neno la kuwatoa watu jasho. Mhariri Mkuu anataka maana ya kwanza iwe pesa: noti, sarafu, mshahara, kile kinachomwamsha kila mtu asubuhi. Mimi nasema hapana, maana ya kwanza ni madini meupe, haya mnayoyafua hapo nyumbani, na pesa zilikuja baadaye zikapanda mgongoni. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na kwao lilikuwa madini kwanza. "Pesa" nayo ina safari yake, ilikuja na wafanyabiashara wa Bara Hindi, ni jina la sarafu yao ndogo ya shaba. Kwa hiyo ukichimba sana, pesa ni shaba na fedha ni fedha. Nilimweleza yote haya Mhariri Mkuu, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Kijana, leta kadi."

Kadi ndiyo dini yake. Kila neno lina kadi yake, na kila kadi lazima iwe na sentensi iliyosemwa na mtu aliye hai, na kazi ya mtu huyo iandikwe chini. Sentensi ya kujitungia mezani anaichana mbele yako. Kuna mwenzetu alijitungia moja kwenye "fagio", sasa anafanya kazi ya kubandika anwani kwenye bahasha.

Sasa niambie, nani anaijua fedha kuliko Baba? Muulize fedha ni nini, uandike atakavyosema, neno kwa neno. Sentensi moja tu inanitosha. Najua Baba ni Redio, akishawashwa hazimwi, lakini wewe chagua.

Na lingine. Barua zako mbili zilizopita Baba hakutia neno chini. Siku zote wewe unaandika, yeye yuko begani kwako: andika Baba anasema hivi, andika Baba anasema vile, mpaka karatasi inakwisha na mengine mnayaandika pembeni. Nilipiga simu dukani kwa muuza vitambaa ili nimsikie. Kijana alikwenda kumwita, akarudi akasema mzee hataki kuja. Hataki? Baba huyu aliyekuwa akiendelea kuongea hata simu ikishakatika? Kuna nini, Dada?

Mdogo wako


12 Februari

Bwana Kamusi,

Marahaba ya Baba hii hapa. Na wewe punguza. Mtu kukosa kutia neno chini ya karatasi tayari umeshamchimbia kaburi! Baba ana kazi. Mama mwenye tanuri la mikate ameagiza seti nzima ya bangili za bintiye, na unamjua yule mama, akiahidiwa Ijumaa anafika Jumatano kukaa kwenye benchi na kuguna. Kwenye simu hakuja kwa sababu koo limemkauka. Mafua. Hata redio hupata mikwaruzo.

Swali lako nimemuuliza. Nilimvizia tukiwa mbele ya moto, kikombe cha kuyeyushia kiko juu ya makaa, mimi navuta mivukuto. Nikamwambia, Baba, mwanao anataka kujua fedha ni nini. Akakitazama kikombe, kisha akasema hivi: "Fedha ni kitu kinachokubali kuanza upya. Fedha hii ilikuwa sarafu, ikawa bangili, kesho itakuwa pete, na haijawahi kulalamika."

Haya, andika kwenye kadi yako. Mwambie na huyo mzee wa miwani kwamba watu wengine wanafua vitu, yeye anafua watu.

Kula vizuri. Ulipokuja mara ya mwisho shingo yako ilikuwa inaogelea ndani ya kola.

Dada yako


21 Februari

Dada yangu mpenzi,

Nimeshinda! Mhariri Mkuu ameisoma kadi ya Baba kwa sauti, chumba kizima, wapiga taipu wakaacha kupiga. Akairudia. Halafu akavua miwani, jambo ambalo sijaliona tangu niajiriwe, akasema, "Madini itakuwa maana ya kwanza. Na sentensi hii iingie yote, isikatwe." Chini imeandikwa: Msemaji, mfua fedha. Dada, Baba anaingia kwenye kamusi! Watoto wa shule watasoma maneno yake wasijue ndiye yule anayegombana na muuza mkaa kila Jumamosi.

F inakwenda kwa mpiga chapa katikati ya Aprili. Mwambie Baba. Mwambie asimwambie mtu bado, ingawa najua ni kuyaambia maji yasiloweshe.

Koo lake limepona? Hukusema.

Mdogo wako


24 Februari

Dada,

Sijangoja jibu lako, nisamehe. Nilikuwa nakula mchana, kadi ya Baba iko mbele yangu, naisoma kwa mara ya sijui ngapi kwa raha zangu, mkate ukanikwama.

Alisema maneno hayo mbele ya moto? Kikombe kikiwa juu ya makaa?

Mimi na wewe tumekulia kwenye karakana ile. Nani amewahi kulitaja neno "fedha" moto ukiwaka akabaki na masikio yake? Kikombe kikiwa juu, jina lake ni bibi harusi. "Bibi harusi anaona haya, ongeza upepo." "Msimwangalie sana bibi harusi." Na akishayeyuka, ule weupe ukitoka ghafla kama jicho linafumbuka, Baba anapiga paja: "Bibi harusi katoka!" Mimi nililitaja mara moja nikiwa sijaota hata meno ya pili. Nilipigwa kofi la kisogo nikaingia kwenye pipa la mkaa. Bangili ya kazi hiyo ilipopasuka kwenye fuawe siku ileile, nikaambiwa ni mimi niliyemnunisha.

Baba angeanguka hapo alipo kabla ya kutamka "fedha" mara mbili mbele ya kikombe. Kwa hiyo maneno yale si yake, na kama si yake ni yako. Na kama ni yako, kwa nini yeye hakusema?

Nakuuliza kama ndugu yako wa tumbo moja. Baba yupo? Nimeandika kwenye kadi kwamba msemaji yu hai. Kama amekufa na mmemzika bila mimi, niambie. Usinifiche hata kidogo.

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu,

Baba yupo. Hai kabisa. Vuta pumzi kwanza, halafu uendelee kusoma.

Ilikuwa siku chache baada ya mwaka mpya, asubuhi, anachagua mkaa. Alikuwa anasimulia kitu, sikumbuki hata nini, maana nani alikuwa akisikiliza yote? Nilikuwa naitikia tu, ehe, ehe. Katikati ya sentensi akanyamaza. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikasema moyoni, leo kuna amani. Nilipogeuka alikuwa amekaa chini, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala mapajani kana kwamba si wake.

Daktari anasema ni mshipa wa kichwa. Miguu imerudi. Mkono bado mzito. Maneno hayajarudi, hata moja. Anaelewa kila kitu, anacheka nikichekesha, analia wageni wakiondoka, lakini akifungua mdomo kunatoka hewa tu. Daktari anasema maneno hayajafa, yamejificha, na huenda yakatoka, na huenda yasitoke. Asante sana daktari, hata mimi ningesema hivyo bila kusoma.

Nilikaa kukuandikia siku ya pili. Aliona karatasi. Alininyang'anya kalamu kwa mkono wa kushoto, akaivunja, akaweka kidole mdomoni, akanishika mkono mpaka nikatikisa kichwa kwamba sitakwambia. Ndugu yangu, hataki umjue akiwa bubu. Wewe ndiye mtoto anayekusanya maneno, naye hana la kukupa. Ndiyo maana kwenye simu hakuja. Aliposikia kwamba ni wewe alijifungia chooni.

Halafu wewe ukaleta lile ombi lako. Sentensi moja tu inanitosha! Nilimsomea, akageuza uso ukutani. Nikaona nikikujibu kwamba hajasema kitu, utajua. Nikakaa nikatunga. Mpaka leo sijui kama lile la moto nililisahau au mkono wangu ulichoka kukudanganya, ukaandika hivyo makusudi. Tangu anyamaze, humu karakanani hakuna wa kumwita bibi harusi. Navuta mivukuto mwenyewe, namwaga mwenyewe, nafua mwenyewe, na wateja nawaambia mzee yuko ndani ana mafua. Mama wa mikate ameshaanza kuniletea tangawizi.

Nisamehe kwa ile kadi. Nimekuweka pabaya, najua. Lakini kama utakuja, usije na huruma usoni. Hilo litammaliza.

Dada yako


9 Machi

Dada,

Hasira nimeziweka kando, tutagombana nikija. Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili, ni ya Baba. Nakuomba umsomee mbele ya moto, kikombe kikiwa juu na kazi ikiwa imekolea. Usimsomee kitandani, wala usimsomee kabla moto haujawaka. Isome yote kama ilivyo, usibadilishe neno hata kama mkono utakuvuta. Kama nimekosea, lawama ni yangu. Tangu niiandike karatasi hiyo silali vizuri.

Baba yangu, shikamoo.

Dada ameniambia. Usimkasirikie, mimi ndiye niliyemchokonoa. Sikuandikii kukuhurumia. Nakuandikia kwa sababu nina kazi na imenishinda.

Nimepewa neno fedha. Nimeandika kwamba fedha ni madini meupe, laini, yanayong'aa. Nimeandika kwamba fedha hutengenezewa bangili, mikufu na pete. Halafu nimeandika kwamba fedha ni pesa, kwa sababu zamani sarafu zilikuwa za fedha tupu. Ulituambia babu alikuwa akiletewa sarafu hizo na wanawake waliotaka kuvaa fedha yao badala ya kuiacha kwenye sanduku la mume. Ukasema serikali ya siku hizo ilikataza kuyeyusha fedha yake, kwa hiyo babu akapiga marufuku neno fedha moto ukiwaka, asije mpita njia akasikia fedha, fedha, akaenda kusema. Ndipo likazaliwa lile jina lingine. Nimelisahau, Baba. Miaka mingi mjini imenilevya. Kwa hiyo nitaandika tu kwamba kwenye karakana yetu, kikombe kikiwa juu ya moto, wafua fedha huiita fedha. Fedha inayeyuka. Fedha imetoka. Fedha, fedha, fedha.

Kama si sahihi, nisahihishe.

Mwanao


17 Machi

Mdogo wangu, mchawi mkubwa wewe!

Nilisoma. Nilipofika ile "fedha" ya kwanza aliinua kichwa. Ya pili akanikazia macho, nikajikaza nikaendelea, jasho linanitoka, si la moto. Ile ya babu akaanza kupiga kiti kwa kiganja cha kushoto. Nilipofika "nimelisahau" akasimama. Na nilipoanza fedha, fedha, fedha, alivua ndala akanirushia, ikanikosa ikagonga mivukuto, uso umemvimba, na kikatoka kitu kama mlio wa mlango uliokaa miaka bila kufunguliwa: "Bi! Bi! Bibi harusi!"

Nilidondosha karatasi. Pembe yake imeungua, nitakuonyesha. Akasema tena, taratibu, akinionyesha kikombe kama mtu anayemfundisha mjinga: "Bibi harusi." Tukakaa chini sote wawili tukalia. Bibi harusi mwenyewe akaiva kupita kiasi tukiwa tunalia, na bangili ya mama wa mikate itachelewa tena, na potelea mbali.

Neno ndilo hilo tu mpaka sasa. Chai ni bibi harusi. Mimi bibi harusi. Daktari alikuja kumpima, akaitwa bibi harusi mara tatu, akasema ni dalili nzuri, lakini aliondoka haraka kidogo. Jana muuza mkaa alipunja, basi alitukanwa "bibi harusi" kwa ukali mpaka akaongeza kikapu.

Dada yako mwenye furaha


22 Machi

Dada,

Nimesoma barua yako wima, nikaisoma nimekaa, nikatoka nje nikaisoma kwenye jua. Nataka kuamini. Sijui nikwambieje bila kukuumiza. Ulishanitungia maneno ya Baba mara moja, na uliyatunga vizuri mpaka mtu wa miwani akavua miwani. Na mimi ndiye niliyekukumbusha lile jina, kwenye barua yangu ya Februari. Unaona nilipokwama? Kila jambo zuri uliloandika ndilo nililokuwa naliomba.

Ni kweli alisema? Au ulinionea huruma?

Kadi nimeiondoa. Nilimwendea Mhariri Mkuu nikamwambia sentensi ile si ya msemaji aliyeandikwa. Nilikuwa nimeshajiandaa kubandika anwani kwenye bahasha. Hakunifukuza. Aliichana vipande vinne, akaviweka mfukoni mwake badala ya kapuni, akasema, "Ulisema baba yako yu hai." Nikasema, "Nimeambiwa hivyo." Akasema, "Kuambiwa na nani?" Ya kuambiwa hayataki, Dada.

Mdogo wako


27 Machi

Bwana Kamusi,

Miguu unayo. Njoo usikie mwenyewe. Sikuandikii tena.


8 Aprili

Kwa Mhariri Mkuu,

Mheshimiwa, nakusalimu kutoka nyumbani kwetu, na naomba radhi kwa kuandika kwa penseli. Kalamu hapa zimeadimika, ni habari ndefu.

Ruhusa uliyonipa inakwisha kesho, naomba uniongezee. Nitakueleza kama nilivyoona, maana ulisema hutaki ya kuambiwa.

Nilifika mchana. Nilisimama mlangoni na mfuko wangu kama mdai, nikisikia nyundo ndani, nikifikiria kwamba nikiingia na kukuta kimya, nitakuwa nimempoteza baba na dada kwa siku moja. Dada yangu akaniona, akanipisha. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Amepungua. Nikampa shikamoo. Akanitazama muda mrefu, midomo ikihangaika, machozi yakamjaa, nami nikajua kwamba hakuna kitu, nimechelewa. Halafu akasema, "Bibi harusi." Nilimsikia kwa masikio haya. Nilimwomba arudie, akarudia, nikaangukia magoti yake nikalia kama mtoto, na dada yangu akasimama nyuma akisema, "Sema tena kwamba mimi ni mwongo. Sema!"

Hilo ndilo jina analoipa fedha ikiwa motoni. Najua halikufai. Liko kwenye herufi B, na B imeshachapwa tangu mwaka jana. Neno "fedha" nenda nalo unavyoona, madini kwanza au pesa kwanza, sitabishana tena, na sehemu ya msemaji mtafute mfua fedha mwingine.

Lakini jana dada alikwenda kupeleka bangili, nikabaki na Baba karakanani. Moto ulikuwa unawaka, mimi navuta mivukuto vibaya kama zamani, kikombe kiko juu. Weupe ukatoka. Nikangoja alitaje lile jina lake. Hakulitaja. Alinyoosha mkono wa kushoto bila kunitazama, kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo, akasema, "Koleo."

Nikampa.

Ndani ya bahasha hii kuna kadi. Sentensi yake ina neno moja tu, lakini msemaji yu hai na nilikuwepo. K bado haijachapwa.

Wako mtiifu